Fungu la Mwisho

Mama Mkaa aliishika kadi ya Fundi muda mrefu kuliko alivyozishika kadi nyingine zote. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, ingawa nyuma hapakuandikwa kitu. Kisha akainama juu ya meza na kuiweka upande wa dirishani, kwenye fungu la mwisho, fungu la wasiojiweza.

Vichwa vya watu kwenye ukumbi wa mtaa vikageuka. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa benchi la pili, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Alikuja kwa sababu binti yake alimwomba aje kujaza mabenchi.

Zoezi lilikuwa la binti huyo. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea maendeleo ya kimataifa, na mtaa mzima ulimwita Profesa, nusu kwa fahari, nusu kwa kumchokoza. Kila mwanafunzi wa darasa lake alitakiwa kuwakusanya wakazi wa mahali fulani, awape kadi, kila kadi na kaya moja, halafu wakazi wenyewe wazipange mafungu matatu: wenye uwezo, wanaojikimu na wasiojiweza. Wenzake walikwenda mbali, kwa watu wasiowajua. Yeye aliona ameokota dodo: angefanyia hapo hapo mtaani kwao. Mhadhiri wake alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, mwanamke mtulivu mwenye miwani, akiangalia zoezi linavyoendeshwa.

"Kwa nini umeiweka hapo?" Profesa aliuliza. Swali lilikuwa la lazima, ndivyo walivyofundishwa.

"Kwani hujui?" alijibu Mama Mkaa. "Si unaishi humo humo?"

Watu wakacheka. Mama Mkaa aliuza mkaa pale kona, na kila kitu chake kilikuwa na weusi kidogo, hata leso. Akaanza kutaja sababu moja moja kwa vidole. "Mumewe kaanguka kwenye ngazi akipaka rangi ghorofa ya watu, mpaka leo anatembea kama kaa. Cherehani yake ukiikanyaga inalia kama mtoto mwenye chango. Bati la jikoni limetoboka, mvua ikinyesha mboga inaongezwa mchuzi bure. Na hivyo viatu alivyovaa ni vyangu. Kaja kuviazima asubuhi."

Macho yote yakashuka kwenye miguu ya Fundi. Naye akaivuta chini ya benchi, lakini benchi lilikuwa fupi.

"Kweli tupu," alisema msusi.

"Kabisa," alisema mwenye duka. "Hata mimi ningemweka hapo hapo."

Fundi akainuka. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaiokota kadi yake, akaipeleka upande wa pili, kwenye fungu la wenye uwezo. "Mimi ni hapa," alisema. "Nina mtoto chuo kikuu. Nani mwingine humu ndani ana mtoto chuo kikuu?"

"Fundi, hapo unakaa na wenye magari!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Utawaambia nini wakianza kuzungumza bei ya mafuta?"

Kicheko kikazunguka ukumbi. Mhadhiri aliinua uso, akasubiri kuona mwanafunzi wake atafanya nini. Kanuni ya zoezi ilikuwa moja, na Profesa aliijua: hakuna mtu anayejipangia fungu lake mwenyewe. Alisimama pale, mama yake mbele, alama zake nyuma. Kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Utaratibu hauruhusu." Akairudisha kadi dirishani.

Fundi alimtazama binti yake kama mtu anayesoma kibao cha barabara asiyoijua. Halafu akainama, akavua viatu, akavipanga sawasawa mbele ya Mama Mkaa. "Ahsante kwa kuniazima," alisema, na akatoka ukumbini pekupeku.

&nbsp;

Mumewe alikuwa amekaa mlangoni, mguu mbovu juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa. Alimwona mkewe tangu mbali.

"Umerudi bila viatu."

"Nimerudi bila viatu na bila heshima. Nipishe."

Akapita, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona shuka iliyokuwa imeshashonwa. Chumba chao kilikuwa kimoja kikubwa, kimegawanywa kwa pazia. Cherehani ilikaa karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, na kitanda upande wa pili kwa ajili ya siri. Alimsimulia mumewe mambo yote bila kuinua kichwa. Alipofika penye kaa, mume akacheka.

"Unacheka?"

"Mama Mkaa ana macho. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta mfano wake."

"Huo mguu unakucheka wewe."

Profesa aliingia akiwa bado na boksi la kadi kwapani. Hakujua aliweke wapi. Akabaki nalo.

"Mama, lilikuwa zoezi tu."

"Zoezi la kunivua nguo."

"Ni mbinu shirikishi. Maana yake watu wenyewe ndio wanaosema hali yao, badala ya mtaalamu kuja kuwasemea."

"Mimi si nilisema hali yangu? Ukaniambia utaratibu hauruhusu."

Baba akakohoa, ikawa wazi kwamba hakuwa na kikohozi. Profesa akalihamishia boksi kwapa la pili. Yote aliyosoma kuhusu umaskini, na yalikuwa mengi, hayakuwa na sentensi ya kumjibu mwanamke huyu.

"Nikuulize," alisema Fundi, mguu umesimama juu ya kanyagio. "Nimekusomesha ili uje kunifundisha kwamba mimi ni maskini? Hilo mbona nililijua bure? Umepewa dunia nzima uisomee, ukaona uanzie kwa mama yako."

"Nilidhani kwetu itakuwa rahisi."

"Ilikuwa rahisi. Uliniweka kule dirishani bila hata kutetemeka."

Hilo halikuwa kweli. Profesa alikuwa ametetemeka, na alikuwa bado anatetemeka.

&nbsp;

Jambo hilo lingekwisha kwa kununiana siku chache, kama yanavyokwisha mambo ya nyumbani, kama karani wa shule hangekuwa miongoni mwa waliokaa ukumbini. Maneno yakatoka kwa karani yakafika kwa Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akafika mlangoni kwa Fundi.

Kila mwaka, kabla ya shule kufunguliwa, wazazi walichanga, shule ikanunua majora ya kitambaa, nayo yakaletwa yote kwa Fundi. Alishona sare za shule nzima. Hapakuwa na mkataba. Palikuwa na mazoea. Msimu huo ndio uliolipa kodi ya chumba na ndio uliomrudisha Profesa chuoni. Shuka na viraka vya miezi mingine vilikuwa vya kununulia chumvi.

"Karibu ndani, Mkuu. Vitambaa vimefika?"

"Vimefika." Hakuingia. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akiitazama cherehani kama anayepima uzito wake.

"Nije kuvichukua lini?"

"Hapo sasa. Kamati ilikaa kidogo. Tunaomba mwaka huu uwe na mdhamini. Mtu mwenye nyumba yake, au duka."

"Tangu lini?"

"Mambo yamebadilika, Fundi."

"Yapi? Mkono ni ule ule. Cherehani ni ile ile."

"Usinilazimishe kusema."

"Sema, mimi nimeshazoea kusemwa."

Mkuu akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu mwoga, na woga wake aliuita uangalifu. "Majirani zako wamesema mbele ya watu wa chuo kikuu kwamba hujiwezi. Si wageni, ni majirani. Na vitambaa si vyangu, ni vya wazazi. Binadamu akibanwa sana hushawishika. Jora moja likipotelea sokoni, mimi wazazi nitawaambia nini?"

"Umesema nitaiba jora."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa adabu. Lakini umesema."

Mkuu akamwambia kwamba angemngoja mpaka Ijumaa. Kama mdhamini asingepatikana, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine mjini, na Fundi arudishe ile sare ya mfano aliyokuwa akiitumia kukatia. Akaaga kwa heshima nyingi. Baba wa nyumba akajaribu kusimama amsindikize, mguu ukakataa, akakaa.

Nyuma ya pazia Profesa alikuwa amesikia kila neno. Alipotoka alimkuta mama yake anahangaika kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Uzi ulikwenda huku, ukaenda kule. Kwa kawaida angeita, "Njoo na macho yako." Leo alimnyooshea sindano bila kumtazama. Profesa akautunga uzi, akairudisha.

"Nitalirekebisha, mama."

"Utaratibu utaruhusu?" aliuliza Fundi, akakanyaga.

&nbsp;

Profesa alikwenda kona kwa Mama Mkaa akiwa ameshapanga maneno ya kumwambia, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Alimkuta anapanga mkaa kwenye makopo. Alimwamkia kwa sababu mdomo ulizoea kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Vipi, wameshakuambia zinaletwa lini?"

"Zinaletwa nini?"

"Cherehani."

Mama Mkaa akajifuta mikono, akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti kama mtu anayempa mwenzake dili. "Usijifanye hujui. Wale watu wa matangi ya maji walipokuja, si walitupanga hivi hivi, mafungu? Waliojiweka juu kwa kiburi wakabaki na ndoo zao. Wa chini wakapata matangi. Safari hii tukasema hatulali. Asubuhi ile kabla ya kuja ukumbini tulikaa hapa, mimi, msusi, mwenye duka na wengine. Tukaulizana: tukiletewa msaada, apewe nani kwanza? Tukasema Fundi. Mumewe kaumia, mtoto yuko chuo, na akipata cherehani ya umeme atatushonea sote. Kwa hiyo nilimpaka matope mazito kidogo, wakubwa wayaone."

"Mlipanga."

"Tulipanga vizuri sana. Hata vya kusema tuligawana, ila mwenye duka alisahau vyake. Mama yako sasa, badala ya kutulia, akakimbilia kwa wenye magari! Nusura atuharibie."

"Na wewe mbona kadi yako iliwekwa fungu la kati?"

"Niliwaambia mimi mniweke kati. Wakijaa watu wengi fungu la mwisho, msaada unakatwa vipande, kila mtu anaondoka na sabuni."

Profesa alitazama kibanda. Aliona gunia lililozibwa kwa gunia jingine. Aliona gauni la shule la mjukuu limeanikwa kwenye kamba, upindo wake umeshushwa na kushushwa mpaka hapakubaki cha kushusha. Maneno mabaya aliyokuja nayo yakamwishia.

"Mama Mkaa, hakuna cherehani."

"Watatoa fedha?"

"Hakuna kitu. Lilikuwa zoezi la masomo. Nilikuwa najifunza kupanga kadi."

"Lakini ulisimama pale mbele ukasema taarifa hizi zitaleta maendeleo mtaani kwetu. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Alikuwa amesema hivyo kweli. Kila utangulizi aliowahi kuusikia darasani ulikuwa na sentensi hiyo, naye aliitia kama watu wanavyotia chumvi, bila kuonja.

Mama Mkaa akakaa juu ya gunia. "Kwa hiyo nimemtukana mwenzangu mbele za watu, nikamvua viatu, bure?"

"Na shule imemnyima vitambaa. Wanasema mtu asiyejiweza hakabidhiwi mali."

"Mungu wangu." Akainua kichwa kwa hasira. "Na wewe, msomi mzima, unawaita watu wenye shida, unawauliza nani ana shida zaidi, halafu huna hata kibiriti cha kuwapa! Ulidhani tungesema nini?"

"Sikufikiria."

"Basi fikiria. Si ndicho wanachokufundisha huko?"

&nbsp;

Mhadhiri alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi Profesa alipobisha hodi. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo kuliko Profesa alivyodhani, na kiti cha wageni kilikuwa na vitabu.

"Zoezi lako lilikwenda vizuri," alisema, akivihamisha vitabu. "Watu walichangamka. Majibu yao yalishabihiana ajabu."

"Ndiyo maana nimekuja, madamu. Yalishabihiana kwa sababu waliyapanga asubuhi." Akaeleza yote: matangi ya maji, cherehani ya umeme, sentensi ya utangulizi, majora. Alieleza haraka, maana alijua akipunguza mwendo atalia. "Yale matokeo si ya kweli. Naomba yafutwe."

"Yakifutwa huna alama ya muhula huu."

"Najua."

"Ungekaa kimya, nisingejua."

"Mama yangu angejua."

Mhadhiri akavua miwani. Hakuhubiri. "Kosa hilo nimelifanya na mimi, kwenye kijiji kimoja, nikiwa na umri kukuzidi. Mimi sikurudi kulisema. Mpaka leo kuna mzee mmoja kule anayedhani nilimletea mbuzi na mtu akamla njiani." Akatabasamu, lakini si sana. "Utarudia zoezi. Kabla ya hapo kawaambie wale watu ukweli, wote, sio mmoja mmoja kichochoroni. Na mimi nilikuwepo, niliona ile kadi ikirudishwa, sikusema kitu. Niiandikie shule barua?"

Profesa akafikiri. Aliona barua yenye muhuri wa chuo kikuu ikisomwa mbele ya kamati, na jina la mama yake ndani yake kwa mara nyingine, likijadiliwa na watu waliokaa vitini.

"Hapana, madamu. Ahsante. Akiandikwa tena atazidi kuwa mfano."

&nbsp;

Ijumaa Fundi alikwenda shuleni kurudisha sare ya mfano. Aliikunja vizuri, akaifunga kwenye kanga, akavaa kandambili zake mwenyewe. Mdhamini hakumtafuta. Mumewe alimshauri amwombe mwenye duka, akamjibu, "Yule aliyesema kabisa, kabisa? Bora nife na sindano mkononi."

Alipofika alikuta baraza la ofisi limejaa watu. Msusi alikuwepo, na chanuo bado nyweleni. Mwenye duka alikuwepo. Mama Mkaa alisimama mbele, na karibu yake alisimama Profesa, mikono nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akajibanza kwenye nguzo.

"Kosa ni langu," Profesa alikuwa akisema. "Niliwaambia taarifa zitaleta maendeleo. Hazileti kitu. Ulikuwa mtihani wangu wa chuo, na nyinyi mlinisaidia kuufanya, basi."

"Hata ndoo hakuna?" aliuliza mtu.

"Hakuna."

"Hata fulana?"

"Hata fulana."

"Maendeleo gani haya yasiyo na fulana!" alisema msusi, na baadhi wakacheka, na wengine hawakucheka. Mwanamke mmoja alisonya, akaondoka zake. Alikuwa ameacha genge lake kuja ukumbini siku ile, na alikuwa na haki ya kusonya. Profesa alimtazama mpaka akapotea getini.

Mama Mkaa akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Umesikia. Tulimsingizia Fundi ili apate. Sasa wewe ulisema vitambaa ni vya wazazi, sivyo? Wazazi ndio hawa. Mimi nina mjukuu hapa, huyu ana watatu, yule ana wawili na mwingine yuko njiani. Tunataka Fundi ashone."

"Lakini ni nyinyi wenyewe mliosema hajiwezi."

"Tulidanganya."

"Hamkudanganya," Fundi alisema kutoka kwenye nguzo.

Watu wakageuka, wakampisha. Alipita katikati yao na kanga yake kifuani. "Bati limetoboka kweli. Mume wangu anatembea kama kaa kweli. Viatu vilikuwa vya huyu kweli. Msinitetee kwa uongo, baadaye mtasahau uongo upi ni upi." Akasimama mbele ya Mwalimu Mkuu. "Sina kitu, Mkuu. Mwaka jana sikuwa nacho, na mwaka juzi sikuwa nacho, na majora yako yalilala juu ya kitanda changu, mimi na mume wangu tukalala chini, ili panya wasiyafikie. Hayakupungua hata kipande cha kufutia pua. Mwaka huu kilichoongezeka ni kwamba umejua. Sasa kujua kwako wewe ndiko kumenifanya mimi mwizi?"

Mkuu alijikuna shingo. Karani alitazama chini.

"Umaskini unakaa mfukoni," Fundi alisema. "Wizi unakaa mkononi. Nikague popote unapotaka, lakini usichanganye."

Akamnyooshea sare ya mfano. Mkuu aliitazama, hakuipokea. Palikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wazazi. Alitafuta njia ya kurudi nyuma bila kuonekana anarudi nyuma.

"Nitayatoa kwa awamu," alisema hatimaye. "Jora la kwanza leo. Sare zake zikirudi, la pili."

"Mwaka jana uliyatoa yote pamoja."

"Mwaka jana kamati haikunisumbua."

Kiburi cha Fundi kilimwambia aondoke. Kodi ya chumba ikamwambia akae. Aliwasikiliza wote wawili kwa muda, kisha akaikumbatia tena sare ya mfano. "Awamu basi. Lakini ukichelewesha jora la pili, shule ikafunguliwa watoto wakiwa nusu uchi, usije kunigongea."

"Sitachelewesha."

"Mmemsikia wote," alisema Mama Mkaa, na watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamesikia.

&nbsp;

Profesa alilibeba jora begani, mama yake akitembea nyuma na kulishika ncha lisiguse ukuta. Wakatoka getini, wakashika njia ya kwenda kona.

"Na huo mtihani wako?" Fundi aliuliza.

"Naanza upya."

"Mtaa gani?"

"Huu huu. Safari hii naanza kwa kuwaambia sina kitu. Na nyumba kwa nyumba, hakuna kadi mbele za watu. Msusi amekubali, mwenye duka amesema atafikiri. Yule mwenye genge amekataa."

"Ana haki."

"Najua. Nilimwambia hivyo hivyo." Akalihamisha jora bega la pili. "Mama, siku ile nilipoirudisha ile kadi... Heri ningeiacha. Hata wangeninyima alama."

"Ungeiacha, na mimi ningekaa na wenye magari," alisema Fundi. "Tembea, jua linachoma kitambaa."

Lakini alikuwa amelegeza sauti, na Profesa alijua. Wakafika karibu na kona. Hapo ndipo alipomweleza kuhusu fungu la kati, jinsi Mama Mkaa alivyoomba mwenyewe awekwe humo ili msaada usikatwe vipande. Fundi akasimama. Jora likamvuta Profesa nyuma.

"Nani aliwekwa kati? Huyu?"

Hakungoja jibu. Aliiachia ncha ya jora akaelekea kibandani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugombana. Mama Mkaa, aliyewatangulia kufika, alimwona, akainuka, akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu.

"Mwenzangu, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Nyamaza. Nani alikudanganya kwamba wewe una uwezo?"

"Nilisema kati tu. Sikusema juu."

"Kati ya nini na nini? Mtoto anavaa gauni linaloonyesha magoti, na wewe umejipandisha cheo! Muongo mkubwa. Kesho mlete nimpime."

Mama Mkaa akajifuta machozi, akajiachia mistari miwili myeusi mashavuni. "Nitalipa kidogo kidogo."

"Hulipi kidogo kidogo, unalipa sana. Sare za shule nzima zinataka kupigwa pasi, na pasi yangu inakula mkaa kama treni. Utanipa mkaa wa pasi mpaka msimu uishe. Na uwe mkaa mzuri, sio ule wa chini ya gunia unaowauzia wageni."

"Jamani, Fundi! Mimi siuzi vumbi!"

"Umeshaniuzia vumbi miaka yote. Nilinyamaza kwa sababu ya urafiki."

Sasa walikuwa wanacheka wote wawili, wameshikana mabega, na mkono wa Fundi ulikuwa umeshakuwa mweusi. Mama Mkaa aliinua debe, akalijaza kwa mkaa wa juu, vipande vikubwa vinavyolia kama vigae, akalibeba mwenyewe hadi pale Profesa aliposimama na jora lake. Akanyoosha mkono mwingine amsaidie kulishika.

"Usiguse!" Fundi alipiga kelele. "Hicho ni kitambaa cha wazazi!"